Nilisema Nimezima Maiki

Nilisema nimezima maiki. Sikuwa nimezima. Naanza na hilo kwa sababu najua mmeshalisikia kwa midomo ya watu, likiwa limetiwa chumvi na pilipili, na mngesoma haraka haraka mlifikie mcheke. Haya, mmelifikia. Wazee watano wa kijiji alichozaliwa mama yangu waliniuliza kama mashine imezimwa. Mimi, hedifoni masikioni na miguu juu ya sanduku la spika, nikawajibu imezimwa, wazee wangu, teteni hapa hapa. Yote niliyonayo leo yametoka kwenye jibu hilo.

Sasa niende kwa utaratibu, kama wastaafu wanavyotakiwa. Naitwa Shija, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na nimestaafu. Nimefanya kazi ya vyombo vya sauti na picha miaka miwili na nusu, wikiendi na likizo, kwenye ofisi ya Fundi Rama hapa Kambarage. Sikuagwa. Hakuna aliyenipa mabati wala saa ya ukutani. Habari za cheo na malipo siziandiki, cheo sikuwahi kuwa nacho na malipo hayawahusu. Nawaandikia nyie wawili mliochukua nafasi yangu, kwa sababu Fundi hatawaambia, na mkiniuliza ana kwa ana nitaleta utani, halafu mtaondoka bila kitu.

Kazi niliipata kwa adhabu. Fundi Rama alikuja shuleni kwetu kufunga vyombo vya mahafali. Akaenda kunywa maji, akaacha maiki juu ya meza, na mimi si mtu wa kuachiwa maiki juu ya meza. Nikaigiza sauti ya mkuu wa shule, kikohozi chake, na ile tabia yake ya kusema "kwa hiyo" kabla hajasema chochote. Uwanja mzima ulicheka isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkuu akaamuru nibebe masanduku ya Fundi hadi kwenye gari, nikayashushe hadi ofisini kwake. Fundi aliponiona nimefika na sanduku la mwisho bila kulidondosha, akamwambia mkewe kwamba kijana huyu sauti anayo, akili tutamtafutia. Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima anayefuta waya.

Maana alikuwa anafuta waya. Kila baada ya shughuli, anachukua kitambaa chenye unyevu na kuupitisha waya wote, mita kwa mita, utadhani anamwogesha mtoto. Fundi Rama ni mtu mfupi, mpole, babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaoa huku, na hapigi kelele. Siku yangu ya kwanza nilikunja waya kwa saa tatu nzima. Nilianza kwa kuukunja kwenye kiwiko. Akaninyang'anya taratibu, akasema hiyo ni kamba ya ng'ombe unakunja, huu ni waya, una mapenzi yake. Mzunguko mmoja juu, mwingine chini, ukiuachia ujifungue wenyewe kama mtu anayejinyoosha. Mpaka leo nikipewa kamba ya kuanikia nguo naikunja hivyo. Mama ananitazama.

Shughuli ya kwanza kuachiwa projekta ilikuwa semina ya watu wa ofisi, kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini. Fundi alipenda projekta ining'inie darini, lakini dari lile lilikuwa limechoka, nikaiweka mezani. Sikujua kwamba ya kuning'inia picha yake inageuzwa kwenye mpangilio, na ukiiweka mezani lazima igeuzwe tena. Mgeni rasmi akatokea ukutani miguu juu kichwa chini. Nikatangaza kwamba hivyo ndivyo malaika wanavyomwona. Alicheka mhudumu wa chai peke yake. Fundi akaja, akabonyeza mara tatu, mgeni akasimama kwa miguu yake, na hakunikemea. Aliniambia tu kwamba mtu akikosea mbele ya watu, anyamaze arekebishe kwanza. Utani ni baada ya kazi. Niliandika neno hilo kwenye daftari la Fizikia. Sikulifuata, lakini niliandika.

Zipo shida nyingine ambazo mtakutana nazo wenyewe. Spika ikilia mluzi, maiki imeisogelea mno. Itenganisheni nayo kama mnavyotenganisha wapenzi kwenye disko la shule. Sauti ikirudi mara mbili mbili kwenye mkutano wa mtandaoni, kuna mtu mwingine humo ndani amefungua simu yake kimya kimya ili aonekane amehudhuria. Mtafuteni, huwa amekaa nyuma na amevaa tai. Bando wekeni la mitandao miwili, kwa sababu mmoja utakufa, na utakufa wakati mkubwa anafungua kinywa. Geita tulikuwa na mafunzo ya wanunuzi wa dhahabu, mtaalamu anazungumza kutoka nje ya nchi. Mtandao ukakatika akiwa amepanua mdomo, akaganda hivyo kwenye skrini kubwa, meno yote nje. Mshereheshaji hakuelewa, akawaomba watu wampigie makofi. Wakapiga. Yeye akaendelea kutabasamu hadi tulipobadili laini.

Geita hiyo hiyo ndiyo iliyoniharibu. Wakati wa chai niliacha maiki za meza kuu zikiwa hewani kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, spika nimezizima, hedifoni ziko masikioni. Nikasikia wakubwa wawili wakimsema mke wa mwenzao aliyekwenda msalani. Nilicheka mpaka nikajikunja chini ya meza. Jumatatu nikawasimulia darasa zima kwa sauti zao, na tangu siku hiyo kila mapumziko nilikuwa na redio yangu. Kulipia filamu sikuhitaji tena. Watu wakiona maiki mbele yao haisikiki ukumbini wanadhani imekufa. Haijafa. Inasikiliza tu.

Fundi alijua. Sijui nani alimwambia, nadhani shule ina midomo mingi. Aliniita, akanionyesha ule mstari wa vibao vya kusukuma juu na chini kwenye mikisa, ambavyo sisi tunaviita vidole. Akasema watu wakisimama kupumzika, vidole vyote chini, bila kujali kompyuta inasema nini. Kidole kikiwa chini hakuna sauti inayotoka, iwe kwa spika, iwe kwa mtandao, iwe kwako. Halafu akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona mazuri kuliko yote niliyofundishwa shuleni.

"Kinachopita kwenye waya wangu si chako," alisema. "Wewe ni bomba. Bomba halinywi maji."

Nikaahidi. Nikaendelea kunywa.

Kesi ngumu ndiyo hii. Kuna kampuni ndogo ya kutafuta dhahabu upande wa Segese. Si ule mgodi mkubwa mnaoufikiria; hii hata geti haina, ina mti uliolazwa njiani, na mjomba wangu Masanja, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kuunyanyua. Kampuni ilitaka kipande cha mashariki cha kijiji chao yeye na mama. Kwenye kipande hicho kuna makaburi ya wazee, na kuna lambo ambalo ng'ombe wa kijiji kizima wananywa. Kijiji kilichagua watu watano wa kuzungumza kwa niaba yao, mjomba akiwemo, kwa kuwa alikuwa anaijua kampuni kwa ndani. Msimamo wao ulikuwa mmoja: makaburi hayaguswi, na lambo haliguswi. Mkubwa wa kampuni alikuwa Dar es Salaam na barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya mtandaoni. Wazee wakae kwenye darasa la shule ya msingi, yeye na watu wake watokee kwenye skrini. Fundi Rama akapewa kazi, na mimi nikaenda naye. Mama alinipa sukari nimpelekee kaka yake.

Tulifunga vizuri. Hilo niseme. Maiki tatu mezani, mikisa, kompyuta, skrini ubaoni, spika mbili, jenereta nyuma ya darasa. Upande wa pili walikuwa watatu: mkubwa, mwanasheria, na afisa mahusiano. Huyu afisa alianza kwa kuwasalimia wazee "mwangaluka" kwa Kisukuma cha ndani kabisa, cha mtu aliyechunga ng'ombe, na wazee wakafurahi, wakamwitikia kwa makofi. Mimi pia nilifurahi. Kichwani kwangu haikupita kwamba mtu anayekusalimia kwa Kisukuma anaweza pia kusikiliza kwa Kisukuma.

Walizungumza kwa saa mbili. Kampuni ikataka kipande chote. Wazee wakakataa chote. Mkubwa akasema tupumzike tunywe chai, turudi baada ya nusu saa, wakazima kamera yao. Fundi naye alikuwa ameondoka na bodaboda kwenda Segese kutafuta petroli ya jenereta, kwa hiyo darasani kwenye vyombo nilibaki peke yangu. Wazee wakasimama watoke nje.

Hapa msinipite haraka. Walisimama watoke nje. Ndivyo wanavyofanya. Huko watu wakitaka kuteta hawateti walipokaa na mgeni. Wanatoka, wanasogea pembeni, wanakaa wanapoona kila anayekuja. Sio ushamba. Ni utaratibu wa watu waliowahi kusikilizwa. Na mimi nikawarudisha, kwa sababu wangetoka nisingesikia kitu. Nje kulikuwa na manyunyu, nikayatumia.

Mzee Nkwabi, kiongozi wao, alisimama mlangoni na fimbo yake, akaitazama ile maiki kama anavyomtazama nyoka ambaye hajui kama ni mzima.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "hiki kitu umekizima?"

"Nimezima, mzee."

"Hawasikii?"

"Hata mkipiga ngoma hawasikii. Kaeni tu, msilowe bure."

Wakakaa. Vidole vya mikisa sikuvishusha, maana ningevishusha nisingesikia. Nilichofanya ni kubonyeza kitufe kwenye kompyuta. Vipo viwili pale chini ya picha, mnavijua, kimoja cha maiki na kimoja cha spika, na vyote ukivizima vinapigwa mstari mwekundu. Nikaona mstari mwekundu nikaridhika. Nilikuwa nimezima spika. Yaani nilizima sauti yao isitufikie, na yetu nikaiacha iende.

Nikavaa hedifoni, nikapandisha miguu. Kisukuma changu ni cha mtoto wa mjini, nakisikia kuliko ninavyokisema, lakini siku ile nilisikia kila neno. Mzee Nkwabi alisema wao hawataishinda kampuni. Wakibanwa sana, waachie lambo, lakini makaburi hapana, hata kwa bunduki. Mama Holo, mwanamke pekee kati yao, akasema na yeye anaona hivyo, mama yake amelala pale. Aliyepinga alikuwa mjomba Masanja. Alisimama. Akasema anaunyanyua ule mti kila siku na anaona magari yanaelekea wapi. Mitambo yote inakwenda magharibi, mashariki wanataka mahali pa kuegesha tu. Wakaze. Wakikaza wataachiwa vyote viwili. Akasema ng'ombe hawajui makaburi, wanajua maji. Mzee mwingine akamwambia anawatetea vizuri kwa mtu anayekula kwao. Mjomba akasema yeye analinda mti, hajauza kijiji. Walibishana hadi wakakubaliana: wakirudi waanze kwa kukataa vyote, na lambo waliachie pale tu wasipokuwa na njia. Mjomba akatoka nje kujisaidia. Alikuwa amekasirika, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Simu ndiyo waliyoikumbuka baadaye.

Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti ya Mzee Nkwabi, nikawasimulie darasani Jumatatu.

Nusu saa ilipoisha nikarudi kwenye kompyuta kuwasha. Nikabonyeza spika, sauti ya wale watu ikaingia, vikombe vinagongana. Nikapeleka mshale kwenye alama ya maiki niiwashe. Haikuwa na mstari. Ilikuwa imewaka muda wote. Nilijiambia walikuwa wanakunywa chai, nani anasikiliza kompyuta wakati wa chai. Nilijiambia haraka sana, mara tatu au nne.

Kamera yao ikafunguka na afisa mahusiano ndiye aliyeanza, uso umemchangamka. Akasema wazee wangu, tumetafakari, sisi si wanyama. Makaburi yenu tunayaheshimu, hatutayagusa kabisa. Tunaomba lambo tu.

Hawakuwa hata wamefungua mdomo kukataa. Wazee wakatazamana. Kisha wote wanne, kwa pamoja, wakageuza shingo kutazama mlango. Mjomba Masanja ndiyo kwanza alikuwa anaingia, anajifuta mvua usoni, anauliza wamefikia wapi.

Mzee Nkwabi alijaribu kuvuta, lakini mtu akishajua kamba yako inaishia wapi, kuvuta ni kujichosha. Walisaini wiki ile ile.

Fundi aliporudi na petroli nilimwambia kila kitu kimekwenda sawa. Jumatatu nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote ofisini, mpaka kitufe. Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Alikuwa anafuta waya, akaendelea kufuta. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Basi hakuna kilichotokea," akasema Fundi Rama, na akanipa mwisho wa waya niushike.

Nimewahi kujiuliza ni kipi kinachoniuma zaidi, kosa langu au sentensi hiyo, na najua jibu linalotakiwa, lakini siku nyingine si hilo linalokuja. Ana watoto wanne na mkopo wa spika. Habari ya fundi anayevujisha mikutano ingefika Kahama kabla ya yeye kufunga mlango. Namwelewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilifurahi, wadogo zangu. Nilifurahi kwamba mtu mzima ameniambia hakuna kilichotokea. Nikaushika waya.

Kijijini walimtenga mjomba. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikaa, wakauliza nani kati ya watano anakula kwa kampuni na nani alitoka nje na simu. Hawakuhitaji kompyuta. Mnaotoka huko mnajua kutengwa ni nini. Wa mjini niwaambie. Hupigwi. Hufungwi. Unasalimia, hakuna anayeitika. Moto wako ukizimika hakuna wa kukupa kaa. Watoto wako wakifika kisimani, wengine wanainua ndoo zao na kuondoka. Mashine ya kusaga ina foleni kila ukifika wewe. Na aliyewatenga yuko sahihi, kwa alichokijua.

Kampuni nayo ikamwachisha ulinzi, ikisema mlinzi anayegombana na kijiji ni hasara. Hivyo mtu aliyelitetea lambo peke yake akapoteza lambo, kijiji na ule mti.

Mama alizisikia habari hizo sokoni, kwa mwanamke wa kwao aliyekuja kununua dagaa mezani pake. Alirudi nyumbani amefunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana, lakini hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba baba yao amezikwa pale, na mwanawe wa kwanza amekwenda kuwauzia watu maji ya ng'ombe wake. Mjomba alipopiga simu hakupokea. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mama alikuwa anaitazama simu ikitetemeka mezani kati ya mafungu ya dagaa, mpaka inyamaze. Mimi nilikuwa nimekaa hapo. Kaka zangu pacha, Kulwa na Doto, waliuliza kama mjomba kweli amefanya hivyo, na mama akasema msinitajie.

Halafu ikaja michembe. Mjomba alituma kifurushi kwa basi, kiroba cha viazi vikavu, kama alivyotuma kila mwaka baada ya mavuno tangu mama aolewe. Mama alikipokea, akakifungua, akaviona ni vizuri, vyeupe, vimekatwa kwa mkono wenye subira. Akakifunga tena. Akaniambia nikipeleke stendi kirudi kilikotoka.

Nikakipeleka. Naandika hili mlijue lote. Ningeweza kusema pale pale sebuleni, kilo zote zile ziko mbele yangu, lakini nilikibeba begani hadi stendi, nikampa kondakta, nikataja jina la mjomba na mahali pa kukishusha. Kondakta akaniuliza mbona mzigo unarudi. Nikamtania kwamba viazi vimekumbuka nyumbani. Akacheka. Gari likaondoka.

Nikarudi, mama anapanga mafungu ya kesho. Nikamwambia si mjomba. Hakuinua kichwa. Nikamwambia ni mimi, nikaeleza kitufe, mstari mwekundu, hedifoni, manyunyu, Mzee Nkwabi na fimbo yake. Nilipofika kwenye "hata mkipiga ngoma hawasikii" sauti yangu ilitoka kwa ile ya utani, kwa mazoea tu, nikajichukia. Aliniambia nirudie kuanzia mwanzo. Nikarudia. Akaniambia nirudie aliyosema mjomba, neno kwa neno, kwa Kisukuma. Nikayasema, ng'ombe hawajui makaburi, wanajua maji. Mama akaiweka chini sahani ya kupimia. Akaniuliza ni wiki ngapi tangu siku ile. Nikamwambia tano. Akaniuliza kama ninapobeba kile kiroba nilikuwa najua. Nikamwambia nilikuwa najua.

Jumamosi tulipanda basi la asubuhi. Alinivalisha sare ya shule, sijui kwa nini, labda wanione nilivyo. Mzee Nkwabi aliwaita watu. Nilisimama mbele ya darasa lile lile, safari hii bila maiki, na wadogo zangu, hakuna kazi ngumu kama kupaza sauti yako mwenyewe. Nilisema kwa Kiswahili, Mama Holo akatafsiri. Nilipomaliza Mzee Nkwabi akauliza jambo moja tu.

"Nilikuuliza, sikukuuliza?"

"Uliniuliza, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mtoto hatengwi. Wakampigia simu afisa mahusiano, wakamweka kwenye spika ya simu. Alisema hakusikia kitu siku ile, alikuwa anakunywa chai, na kwamba karatasi zimeshasainiwa, akawatakia wazee siku njema kwa Kisukuma. Lambo tayari lilikuwa limezungushiwa uzio. Nimeuona. Ng'ombe wanakwenda mwendo wa nusu siku sasa, na wanarudi wakiwa na kiu ya njiani.

Kutengwa kukafutwa pale pale. Walisimama mmoja mmoja kwenda kumsalimia mjomba, na yeye akawa anaitika kila mmoja kwa jina, kana kwamba wamerudi kutoka safari. Mama alikwenda wa mwisho. Alikuwa anashuka kupiga magoti mbele ya kaka yake, na mjomba akamdaka viwiko, akamwinua, akamuuliza kama wale pacha wamefaulu. Mimi alinishika kichwa. Mkono wake ulikuwa mzito, na ulinukia majani ya ng'ombe.

Habari zilimfikia Fundi Rama haraka, akanitumia ujumbe kabla hatujafika Kahama: nisiende tena. Ndiyo barua yangu ya kustaafu, na sina neno nayo. Hedifoni zake nilizirudisha kwa mkewe. Huenda ndizo mnazotumia; sikio la kushoto lina mkwaruzo, msidhani ni maiki. Watu wakisimama kupumzika, vidole vyote chini. Wakitaka kutoka nje, wafungulieni mlango.

Kutoka kijijini mama hakunisemesha. Kahama tulibadili gari, akanunulia watoto wa nyumbani mkate, hakunisemesha. Basi liliposimama Tinde kushusha watu, wachuuzi wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma, akanunua mawili, akanipa moja, akalishika lake bila kulila. Nikamwambia mama, nisamehe. Alitazama mbele, kwenye kiti cha mtu mwingine, na akasema:

"Mjomba wako amenisamehe kabla magoti yangu hayajagusa chini. Mimi si mjomba wako."